Ndoo Mlangoni pa Kioo

Kwa mara ya nne tangu masika yaanze, Bibi Kikoti alitoa ulimi nje mbele ya Kioo, na kwa mara ya nne Kioo kikamwambia hana kitu.

"Ulimi wako ni wa kawaida kwa wakazi wa eneo hili," kilisema kwa ile sauti yake tamu ya msoma taarifa ya habari. "Hakuna dalili za ugonjwa wa mwili mzima. Pole kwa usumbufu. Karibu tena."

"Karibu tena nije kufanya nini?" Bibi Kikoti akakiuliza. "Kunywa uji?"

Kioo hakikujibu. Hakikuwahi kumjibu mtu swali tangu kifungwe pale ukutani pa zahanati miaka miwili iliyopita, na hilo ndilo lililomchosha Edina Nyalusi kuliko kazi yenyewe. Kioo kinasema lake kinazima taa. Anayebaki kutazamana na watu usoni ni yeye, msimamizi wake, mwenye koti jeupe na kibandiko cha jina.

"Mama, njoo wiki ijayo tujaribu tena," Edina alisema.

"Wiki ijayo ulimi utakuwa umeota pembe?"

"Sasa mimi nifanyeje, mama? Si mimi ninayesoma."

"Najua si wewe. Ndiyo maana nakasirika, sina wa kumkasirikia." Bibi Kikoti alijaribu kujifunga kanga vizuri begani, mkono ukafika usawa wa kifua ukagoma. Akaushusha polepole, meno ameyauma. "Umeona? Hata huo mswaki wenu wa hapo nje napiga kwa shida. Mkono haupandi. Nikiuinua hapa, bega linawaka moto mpaka sikioni. Halafu natoka hapa naambiwa mimi ni wa kawaida."

Aliondoka kwa kujivuta, akipita kando ya viti sita vya baraza, vyote vimejikunja ukutani. Hakuna hata kimoja kilichomfungukia.

Hivyo ndivyo viti vilivyokuwa siku hizo Mufindi nzima, kuanzia kiwanda cha chai mpaka posta na ofisi ya kata. Wakubwa walikuwa wamechoka kubishana nani anaumwa na nani anategea, wakatunga Sheria ya Maumivu Yaliyothibitika, na kiti kikawa cha kadi. Mwenye kadi ya kijani akikikaribia, kinajikunjua chenyewe. Mwenye kadi nyeupe asimame, afanye kazi, aache visingizio. Na kadi ya kijani ilitoka mahali pamoja tu, kwenye Kioo.

Wanawake wa chai waliuita ugonjwa wa mwili mzima kwa sababu hawakuona jina jingine linalotosha. Vitabuni unaitwa fibromayalgia. Unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Leo goti, kesho shingo, keshokutwa hata blauzi ikikugusa inauma, na kichwani ukungu kama ule wa nje, unasahau jina la mwanao wakati unamwita. Ukipigwa picha, mifupa mizima. Ukipimwa damu, safi. Edina alisimama miaka kumi na mmoja kwenye mkanda wa kuchambulia majani akiwa na hali hiyo, na miaka yote kumi na mmoja waliitwa wagonjwa wa Jumatatu, yeye na wenzake. Hata mumewe alifika mahali akamwambia, "Edina, sasa basi." Siku Kioo kilipofika, alipiga mswaki mpaka ulimini, akautoa ulimi, kikautazama dakika moja kikasema, "Unaumwa." Alilia mpaka kikamwomba akifute, hakioni.

Kwa hiyo hakuna mtu aliyekipenda Kioo kama yeye. Walipotafuta msimamizi, aliomba yeye, akapewa. Kitu cha kwanza alichofanya, tena siku ile ile ya kwanza, ni kuweka ndoo ya maji mlangoni, kikombe na boksi la miswaki, na kubandika tangazo kwa mwandiko wake mzuri: KABLA YA KUINGIA KWENYE KIOO, PIGA MSWAKI MPAKA ULIMINI. TUHESHIMU VIPIMO. ASANTE.

Nani angemlaumu? Kwao, mtu akienda kwa daktari anaoga kama anakwenda kanisani, anavaa nguo ya ndani mpya, anajipaka mafuta mpaka visigino. Mama yake aliwahi kumrudisha nyumbani kutoka getini kwa hospitali, mtoto ana homa anatetemeka, kwa sababu ya masikio machafu. Sasa uende ukamtolee daktari ulimi wenye chai ya jana na ugoro wa juzi? Watu walilielewa lile tangazo bila kuelezwa. Walisugua.

Mchana huo Edina alikaa kwenye kiti chake cha kadi ya kijani akamwandikia Daktari Ruan ujumbe mfupi wenye hasira kidogo. Kioo chako, alimwandikia, kimemkataa mama mmoja mara nne, na mama huyo akikohoa tu machozi yanamtoka. Njoo umtazame kwa macho yako. Nimechoka kusema pole ambayo si yangu.

*

Daktari Ruan Suyin alifika Alhamisi saa tatu asubuhi, ukungu haujainuka bado. Alikuwa amekuja Iringa kutoka Uchina akiwa na miaka ishirini na sita, akazeekea huko huko, na sasa alikuwa amestaafu anafuga sungura Kihesa. Macho ya Kioo yalikuwa macho yake. Kwa miaka saba alikaa na kamera begani, akitazama ulimi mmoja baada ya mwingine na kusema kwa sauti anachokiona, mpaka mashine ikajifunza kusema kama yeye.

"Kamwene," aliwasalimu wanawake waliopanga foleni.

"Kamwene, daktari," wakaitikia, povu midomoni.

Daktari Ruan alisimama. Alimtazama wa kwanza, akamtazama wa pili. Wa tatu, dada mmoja wa kiwandani aitwaye Lenarda, aliyekuja kuhuisha kadi yake ya kijani, alikuwa ameshika ulimi wake kwa kitambaa na anausugua kwa bidii ya mtu anayeng'arisha sufuria.

"Mnafanya nini?"

"Tunajiandaa," Lenarda alisema, ulimi ungali mkononi.

"Mnajiandaa na nini? Mungu wangu! Acha! Wewe, acha! Edina! Nani amewaambia hawa wasugue ndimi?"

Edina alitoka mbio akidhani kuna mtu ameanguka. Alimkuta mzee wa watu amekamata boksi la miswaki amelikumbatia kifuani asilitoe tena. Alimwonyesha tangazo. Hata alitabasamu kidogo, maana alitegemea kusifiwa.

"Mwandiko ni wa nani?"

"Wangu, daktari."

"Lini?"

"Tangu mwanzo. Siku ya kwanza kabisa."

Daktari Ruan alikaa chini. Hakuna kiti kilichofunguka, basi alikaa chini sakafuni hivyo hivyo, na boksi lake.

"Sikiliza," alisema. "Mimi nikitazama ulimi, sitazami usafi. Natazama utando, ule weupe juu yake. Ulimi mnene, umepauka, una alama za meno pembeni na utando mzito, mtu huyu ameingiliwa na baridi na unyevu. Vimekaa kwenye nyama, damu haipiti vizuri, ndipo anaumwa kila mahali. Huyo nampasha joto. Namchoma sindano zetu nyembamba zisizo na dawa, namfukizia majani, namwambia atembee kidogo kidogo na alale mapema. Simponyi, namsaidia. Lakini ulimi mwekundu usio na utando kabisa, huyo mwili umekauka, una moto ndani. Huyo nampa dawa za kupoza."

"Baridi na unyevu?" Bibi Kikoti alidakia kutoka ukutani, alikokuwa ameegemea. Aliitwa na Edina asubuhi hiyo. "Si ndiyo hiyo baridi ya huku? Marehemu mama yangu alituambia hivyo hivyo, na Uchina hakufika."

"Mama yako alikuwa na akili," Daktari Ruan alisema. Akamgeukia Edina tena. "Sasa nijibu. Ukisugua ulimi kwa mswaki dakika tano, unabaki na nini?"

Edina aliitupia jicho ndoo. "Unakuwa mwekundu. Na utando unaondoka."

"Wote?"

"Wote."

"Basi umekifundisha Kioo kwamba watu wa Mufindi wamekauka. Mufindi! Mahali nguo haikauki wiki nzima! Na wewe unakunywa hizo dawa za kupoza, Kioo kilizokuandikia?"

"Ndiyo."

"Tumbo?"

Edina alitazama chini. Tumbo lilikuwa likimwendesha tangu Juni. Alidhani ni ugonjwa uleule umehamia huko, maana ulikuwa na tabia ya kuhama.

"Lakini nilipata nafuu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Kweli kabisa daktari. Nilianza kulala."

"Ulichomwa sindano na mkunga wa zahanati, zile nilizomfundisha mimi. Ukapata kiti. Ukaaminiwa. Hayo matatu yana nguvu. Lakini zile dawa zimekupa kuhara tu." Aliweka boksi chini. "Wala si wewe peke yako wa kulaumiwa. Mimi nikiona ulimi umesuguliwa namuuliza mtu, leo umepiga mswaki? Swali fupi namna hiyo. Miaka saba nilikifundisha kutazama, sikukifundisha kuuliza. Mpumbavu mimi."

Wakaingia ndani, yeye na Edina, wakafungua kumbukumbu. Hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Kioo hakikuacha kujifunza baada ya kufungwa ukutani. Kila ulimi kilioutazama kilijiongezea, kikijitengenezea hali ya kawaida ya eneo, na kwa kuwa ndimi zote zilikuwa zimesuguliwa, kilitafuta tofauti pale ilipobaki. Aliyesugua sana mpaka ulimi ukawa mwekundu kama nyanya, kadi ya kijani. Aliyesugua kwa ulegevu, nyeupe.

Edina alisoma orodha ya waliokataliwa. Elfu moja na thelathini na saba. Aliwajua wengi. Yule ambaye vidole havishiki kijiko. Yule anayechanwa nywele na binti yake. Na Bibi Kikoti, mara nne, mkono haupandi.

Kumbe kwa miaka miwili Kioo kilikuwa kinapima nguvu ya mkono. Wenye kuumwa zaidi walishindwa kusugua, wakaambiwa wazima. Na yeye, Edina, ndiye aliyewawekea ndoo.

*

Bwana Chengula, Afisa Kadi wa wilaya, alipiga simu kabla hata Edina hajajua amwambie nini. Kioo kilikuwa kimemtonya kwamba kumbukumbu zimefunguliwa.

"Dada Edina, nasikia kuna kamtafaruku huko."

Akamweleza yote. Chengula, ajabu, akacheka.

"Sasa hilo nalo la kukutoa jasho? Toa hilo tangazo, mwaga maji, nyamaza. Watu wataacha kusugua, Kioo kitajirekebisha chenyewe. Miaka miwili hivi kitakuwa sawa."

"Miaka miwili! Na waliokataliwa?"

"Watarudi wenyewe. Huyo bibi yako anayelalamika nitampa kadi mimi mwenyewe kesho, mlango wa nyuma. Yaishe."

"Ni elfu moja na thelathini na saba, si mmoja."

"Dada yangu." Sauti ya Chengula ilipoa, na ilipopoa ilitisha zaidi. "Ukibonyeza Futa ili Kioo kianze upya, kadi zote za kijani, mia nne na kumi na mbili, zinakuwa nyeupe saa hiyo hiyo. Ni sheria. Kioo kupelekwa kufundishwa upya ni miezi sita, nimekuhurumia. Miezi sita wanawake mia nne wamesimama. Na kuna watu huku juu wanasubiri sababu tu. Watasema, mliona? Ilikuwa miswaki! Hakukuwa na ugonjwa wowote, ni uvivu na dawa ya meno. Hicho kiti unachokalia, hukipati tena. Umenielewa?"

Alimwelewa sana. Hilo la mwisho ndilo lililomkaa rohoni. Miaka kumi na mmoja ya kuitwa mwongo, halafu miwili ya kuaminiwa, na sasa aende kwa kidole chake mwenyewe akawape wale watu maneno ya kumcheka? Alihisi nyonga inaanza kuwaka, kama kawaida yake anapoudhika. Akamgeukia Daktari Ruan.

"Bonyeza wewe, daktari. Kioo ni chako."

"Nimestaafu. Kidole changu hakitambuliwi tena."

"Basi niambie nifanye nini!"

"Naweza kuona watu kumi na wawili kwa siku kwa mikono yangu. Kuanzia kesho, kama sungura watapata wa kuwalisha. Hicho ndicho ninachoweza. Hilo jingine ni lako."

Edina alimchukia kwa muda kidogo. Alimchukia Chengula, akakichukia Kioo na taa zake, akamchukia na mama yake na masikio yale machafu. Kwa nini kila kitu kimwangukie yeye? Kwa nini mtu mgonjwa ndiye awe na kazi ya kusahihisha watu wazima? Alichungulia barazani. Wanawake watano wenye kadi za kijani walikuwa wamekaa wanapiga soga, Lenarda mmoja wao. Bibi Kikoti alikuwa bado amesimama, ameegemeza paji la uso ukutani. Hakuna aliyeona ajabu. Hata yeye Edina, kwa miaka miwili, hakuona ajabu.

Akarudi kitini. Akaweka kidole gumba kwenye pembe ya Kioo.

"Karibu, msimamizi," Kioo kilisema. "Taja sababu ya kufuta kwa sentensi moja."

"Tangazo langu liliharibu usomaji."

"Samahani, sijaelewa. Taja sababu kwa sentensi moja."

"Watu walisugua ndimi zao."

"Samahani, sijaelewa."

"Ala! Hata kukiri nako ni mtihani?" Edina alivuta pumzi. Machozi yalikuwa yanamlenga na yalimtia hasira zaidi. "Nilikosea. Nimewanyima watu viti na walikuwa wanaumwa."

"Asante. Kadi mia nne na kumi na mbili zimefutwa, ikiwemo ya msimamizi. Pole kwa usumbufu."

Kiti kilijikunja chini yake. Alishika meza akasimama. Barazani alisikia vingine vikijikunja kimoja baada ya kingine, pa, pa, pa, na wanawake wakipiga yowe. Kutoka bondeni, kiwandani, ukungu ulileta kelele ya watu wengi zaidi.

Alitoka nje. Aliwaeleza amesimama, neno kwa neno, bila kujificha nyuma ya Kioo safari hii.

"Edina, umetumaliza!" Lenarda alipiga kelele. "Umetuua! Mimi nitasimamaje miezi sita? Mgongo huu? Si ungenyamaza tu?"

"Ningeweza," Edina alisema. "Nilitaka."

"Basi kwa nini?"

Edina akaugeukia mlango. Aliling'oa tangazo lake, gundi ikagoma, likatoka nusu. Alilivuta tena likachanika. Alishindwa hata na hilo, na nyonga ikamkata kiasi kwamba alishika fremu ya mlango akafumba macho.

Alisikia maji yakimwagika.

Bibi Kikoti alikuwa ameipiga teke ile ndoo. Maji yalitiririka barazani na kikombe kikielea. Kwa kuwa mkono haupandi, aliisukuma ndoo kwa mguu, akaizungusha, akaipindua kwa unyayo, mdomo chini matako juu, akaisukuma mpaka ikamgusa Edina miguuni.

"Kaa," alisema.

"Kaa wewe, mama. Ni wewe uliye..."

"Nimekwambia kaa. Hii haisomi kadi." Alimtazama usoni, uso mkavu, wala hakuonyesha kumsamehe. "Na mimi naumwa, nataka kukaa. Tutapokezana. Ukitosheka useme."

Edina akakaa. Ndoo ilikuwa bado imelowa, sketi yake ikaloa mpaka ndani. Lenarda alifuta macho, akaenda nyuma ya zahanati kutafuta ndoo nyingine.